Usinirudishie Swali, Danieli

Danieli,

Salamu utazipata asubuhi kwa mdomo wangu. Hapa kwenye karatasi naingia moja kwa moja, maana mafuta ya koroboi ni kidogo na mkono wangu umezoea mwiko kuliko kalamu. Raheli ndiye atakayekuletea barua hii. Usimuulize kitu. Soma kwanza, halafu lala.

Mambo ya safari baba yako ameshayamaliza. Sanduku usimwachie mtu pale stesheni ya Manyoni, koti usilivue kwenye treni, ukifika Dar es Salaam uende kwanza kwa yule ndugu yetu wa Sepuka anayefanya kazi bandarini. Mimi siongezi hata neno. Nimebaki na jambo moja tu, nalo ndilo lililotugombanisha leo mchana. Wewe ukaenda kukaa na ng'ombe mpaka jua likazama, mimi nikatwanga uwele ambao haukuwa wa kutwangwa leo. Sipendi uondoke hivyo.

Nilivaa kofia ya baba yako, nikakaa kwenye kigoda kama wale watakaokuhoji kule Dar es Salaam, nikakuambia uingie kama unavyoingia kwa wazungu wa hospitali. Uliingia vizuri. Ulipiga hodi, ukasimama wima, moyo wangu ukatulia. Nikakuuliza, "Kwa nini unataka kazi ya kuchanganya dawa?" Ukaanza kuangalia vidole vya miguu yako.

"Mtakavyoona wenyewe, mama."

Nikakuambia mimi si mama, mimi ni bwana mkubwa, nijibu. Ukacheka. Nikauliza la pili, chumvi ya haluli ni ya nini, kitu ambacho ulikuwa ukiwaeleza wenzako, kwamba ni ya kuharisha, tangu ukiwa na mapengo mdomoni. Ukasema, "Wewe ndiye unayejua." Nikajikaza. Nikauliza la tatu, lile Mwalimu wako wa shule alilosema lazima litaulizwa. Daktari ameandika dawa ya mtoto, wewe ukitazama unaona kipimo ni cha mtu mzima. Daktari ni mkubwa wako, na ana haraka. Utafanyaje?

Hukufikiri hata kidogo. "Nitatoa kama alivyoandika. Yeye ndiye daktari."

Hapo ndipo kofia iliporuka. Ilikupata begani ikaangukia kwenye ungo wa unga, na nasikia baba yako mpaka sasa anaikung'uta. Naye akasema kutoka uani, bila hata kugeuka, "Mwache mtoto. Hiyo ndiyo adabu." Ukaniangalia kama mtu aliyeonewa, ukatoka.

Ulidhani nimekasirika kwa sababu utashindwa. Kushindwa nakuogopa, sitakudanganya. Tuliandika maombi wakati wa palizi, jibu limekuja mtama umekwisha kuvunwa, na katikati hapo sijui nimekesha mara ngapi. Mwalimu ameniambia wazi kwamba hawamwiti mtu mara mbili. Yule kijana wa Iramba aliyeitwa mwaka jana hakuwa mjinga. Hesabu alikuwa anazipiga kichwani. Walimweka mbele ya meza, kila walichomuuliza akawarudishia kwa heshima, wakaandika kwamba hajui kitu. Leo anapima ngozi dukani mjini, na akimwona Mwalimu huvuka barabara kumkwepa. Hilo peke yake linatosha kumfanya mama arushe kofia.

Lakini silo lililonikasirisha. Ngoja nikueleze taratibu, maana likitoka vibaya sitaweza kuliandika tena.

Wewe unajua jinsi tulivyo. Kwetu mkubwa akikuuliza kitu, mara nyingi hatafuti kujua. Anakupa nafasi ya kumheshimu. Unamrudishia swali lake, yeye anajijibu, watu wanakula, siku inakwisha. Mimi mwenyewe nilipoletwa hapa Unyambwa nikiwa mwali, bibi yako aliniuliza kama najua kusonga ugali. Nilikuwa nimewasongea wadogo zangu tangu nikiwa siwezi kufikia sufuria bila kupanda jiwe. Nikasema, "Sijui, mama, nifundishe." Akanifundisha. Ugali ule ulikuwa na mabonge mpaka babu yako akauliza kama tunakula karanga. Tukaula wote, tukasifu. Na bibi yako akanipenda kuanzia siku ile mpaka alipozikwa. Kwa hiyo usinione nadharau mambo ya kwetu. Yamenilisha, yamenipa nyumba.

Ila wewe hukuzaliwa hivyo, Danieli. Wewe ulizaliwa na mdomo. Ukiwa mdogo ulikuwa unajibu kila swali, hata aliloulizwa jogoo. Watu walikuwa wanakuita wakili. Sasa wanasema una haya kama binti, wanakusifu, na mimi nikisikia sifa hizo nanyamaza, kwa sababu najua haya hiyo ilikotoka. Ilitoka kwenye vidole vyangu.

Unakumbuka siku Baba Mkubwa Njiku alipokuja kuangalia ng'ombe wake waliokuwa wamechanganyika na wetu? Alisimama zizini na wazee wenzake, akanyoosha fimbo kwenye mtamba mmoja, akasema, "Huyu si wangu huyu? Eti, kijana?" Nawe ukasema, "Hapana, Baba Mkubwa, wako ana sikio lililochanika, huyu ni wetu." Ulikuwa umesema kweli. Wazee wakacheka, Baba Mkubwa akacheka nao, lakini shingo yake haikucheka. Nilikuchukua nikakupeleka nyuma ya nyumba. Nikakufinya pajani, nikazungusha. Nikakuambia, mkubwa akikuuliza, mrudishie. Sema sijui, wewe ndiye unayejua. Nikakufanya ulirudie neno hilo huku unalia, mpaka likatoka bila kwikwi. Jioni ile baba yako aliniambia nimefanya vizuri, nami nikaona kweli ninajua kulea.

Sasa linakuja lenyewe.

Haikupita muda mrefu Raheli akashikwa na kikohozi. Alikuwa ndiyo kwanza ameanza kutembea. Nilikuwa nimechukua dawa hospitali ya misheni, ile ya kahawia yenye utamu kidogo, nikaiweka juu, pale ukuta unapokutana na paa. Siku iliyofuata wewe ulikwenda na baba yako kuogesha ng'ombe. Bwana Mifugo alimpa baba yako dawa kidogo ya josho, ile sumu ya kupe, ya kupaka wale waliobaki nyumbani, na hapakuwa na kitu cha kuitilia isipokuwa chupa ya kahawia kama ile ya hospitali. Aliyeishika chupa wakati dawa inamiminwa ni wewe. Aliyeibeba mpaka nyumbani ni wewe. Baba yako akaiweka juu, karibu na ile nyingine, akaenda zake. Mimi nilikuwa kisimani. Sikuambiwa.

Kesho yake Baba Mkubwa alikuja. Alimkuta Raheli anakohoa, naye anampenda yule mtoto kuliko sisi wote. Mimi nilikuwa jikoni nasonga. Nilimsikia akinyoosha mkono juu ya ukuta, nikasikia chupa zikigongana. Nikamsikia anakuuliza, "Hii ndiyo dawa ya kikohozi?"

Nilikusikia, Danieli. Kati ya jiko na nyumba ni ukuta wa fito tu. Ulikaa kimya kwanza. Kile kimya ninacho mpaka leo. Halafu ukasema kwa sauti ndogo, safi kabisa, bila kwikwi, "Sijui, Baba Mkubwa. Wewe ndiye unayejua."

Na mimi nilifurahi. Hilo ndilo ambalo sijamwambia mtu yeyote katika nyumba hii. Nilikuwa nimeinamia sufuria, nikatabasamu peke yangu, nikasema moyoni, mtoto ameshika. Nilikuwa bado natabasamu Raheli alipopiga ukelele.

Mengine unayajua. Mungu alimpa mtoto yule akili ya kutema. Nyingi aliitema, kidogo ikashuka, na hiyo kidogo ilitosha. Baba yako alimfunga mgongoni akapanda baiskeli, mimi nikakimbia nyuma mpaka nikapoteza kitenge njiani sikurudi kukiokota. Mtoto alikaa kule hospitali mpaka nikawajua wauguzi wote kwa majina ya watoto wao. Nywele zikamtoka zote, kichwa kikawa kama kiganja. Zilipoanza kuota upya nilizishika kila asubuhi, kama mtu anayepapasa shamba lililochipua.

Watu walikuja kutupa pole. Wakasema ni bahati mbaya. Wakasema macho ya Baba Mkubwa yameanza kuchoka. Baba Mkubwa mwenyewe hakuingia nyumbani kwetu msimu mzima, na alipokuja alikuja na mbuzi, akamfunga mbuzi akaondoka. Baba yako ndiye aliyeniambia siku moja, hivi hivi tu, akiwa ananoa jembe, "Ajabu ni kwamba Danieli ndiye aliyeibeba ile chupa." Kisha akaendelea kunoa. Nikajua. Na nikajua kwamba naye anajua, na kwamba hatutalisema tena.

Hakuna aliyekuuliza. Tulidhani tunakuonea huruma. Hukula siku ngapi sijui, ukasingizia jino. Halafu ukaanza ile tabia yako ya chupa. Ukaziosha chupa zote za nyumba hii. Ukachomoa uzi mwekundu kwenye shuka langu, bila ruhusa, ukafunga shingoni mwa kila chupa yenye kitu kibaya, hata ya mafuta ya taa. Ukawa unakwenda kwa majirani unawafungia na wao. Mwalimu akasema mtoto huyu ana moyo wa dawa. Mchungaji akasema ni kipaji. Wote wakasema umezaliwa nacho. Mimi nilikuwa nawamiminia chai tu. Nilijua kilizaliwa siku gani, na nani alikuwa mkunga.

Basi ukaniambia leo, "Nitatoa kama alivyoandika, yeye ndiye daktari," na mimi sikuwa kwenye kigoda tena. Nilikuwa jikoni, nimeshika mwiko, nasikiliza ukutani. Ndiyo sababu ya kofia. Naomba unisamehe kwa kofia. Swali lenyewe silifuti.

Nimelifikiria jioni nzima. Wale watu wa mezani sijui watakuwa nani. Pengine watakuwa wakali, pengine watakuwa watu wa kucheka. Mwalimu amekufundisha useme unataka kuwatumikia watu wa nchi yako, na ni maneno mazuri, useme ukipenda. Ila wakikuuliza kwa nini unataka kazi hii, wewe unayo sababu ambayo kijana mwingine yeyote kwenye benchi lile hana. Ina nywele, ina miaka yake, na imekuletea karatasi hii. Utaisema au utaiacha, mimi sitakuwepo kukufinya.

Na usije ukanielewa vibaya ukaenda kule ukawa mtu wa kujibu kila kitu. Wakikuonyesha unga mweupe usioujua, sema huujui, usiubahatishe. "Sijui" ya namna hiyo ni kweli, na nadhani dawa inaitaka. Niliyokufundisha mimi ni ile nyingine, ya mtu anayejua na anarudisha. Hiyo iache hapa nyumbani. Nitaitunza mimi, ukija likizo utaikuta, utamsalimia nayo Baba Mkubwa.

Utaniuliza, mtu anamkataliaje mkubwa wake bila kumvunjia heshima? Hapo umenishika. Sijawahi kufanya. Nimelitafuta neno lake kwa Kiswahili, nikalitafuta kwa Kinyaturu, sikulipata. Kwa hiyo leo wakati wa chakula nikaona nijaribu mwenyewe, maana siwezi kukutuma mahali ambapo mimi sijawahi kukanyaga.

Wewe ulikuwa bado uko zizini, ndiyo maana hukuona. Baba Mkubwa alikuwa anakula na baba yako na wale wageni waliokuja kukuaga. Akasema tusiwe na haraka kesho, lori linaondoka mjini jua likishapanda, eti, mama Danieli? Nilikuwa nimeshika bakuli la mlenda. Mimi nilikwenda mwenyewe kumuuliza dereva. Linaondoka kabla ya jua, na asiyekuwepo anaachwa. Likikuacha, treni nayo inakuacha, na meza ile haitakusubiri. Pamoja na yote hayo, mwanangu, ulimi wangu ulijiandaa kusema, "Wewe ndiye unayejua, shemeji." Ulikuwa umeshafika kwenye meno. Nikaona aibu ya ajabu, mtu mzima kama mimi.

Nikaweka bakuli chini. Nikapiga goti, nikasema, "Shemeji, hapana. Linaondoka kabla ya jua. Nimemuuliza dereva."

Baba yako alishika tonge hewani. Mgeni mmoja akaanza kukohoa bila kikohozi. Baba Mkubwa alinitazama muda mrefu, na nikaona amezeeka. Kisha akasema, polepole, "Basi tulale mapema." Akaendelea kula. Baadaye wakati nakusanya vyombo akaniambia, bila kunitazama, "Afadhali umesema."

Sijui kama alikuwa anasema habari ya lori tu. Nilikwenda jikoni nikakaa chini nikamlilia shemeji yangu, ambaye miaka yote hii tumemwachia abebe chupa ile peke yake, kwa kusingizia macho yake. Macho yake yalikuwa mazima, Danieli. Aliuliza. Alifanya jambo la haki kabisa, aliuliza mtu anayejua.

Sasa sikiliza, nimekaribia mwisho, na utambi umeanza kutoa moshi. Kesho ukiamka usianze kuwaamkia wazee. Njoo kwangu kwanza, jikoni. Utanikuta nimesimama palepale nilipokuwa siku ile, upande huu wa ukuta. Sitakuuliza habari ya haluli wala ya daktari. Nitakuuliza swali moja ambalo nimelibana tangu ukiwa huna ndevu, na nitakuuliza kwa sauti ya kawaida, nikikuangalia usoni, nawe uniangalie.

Nitakuuliza, ile chupa ilikuwa na nini?

Unijibu. Usiangalie vidole. Ukiniambia mama wewe ndiye unayejua, naapa sanduku nalifungua na tunarudi wote kulima. Lakini ukinijibu, hata kwa sauti ndogo, nami nitakupa jibu ambalo ulipaswa kulipata siku ile, kabla kijiko hakijafika mdomoni. Nitakuambia asante, mwanangu, kwa kusema. Halafu utawaamkia wazee, tutakwenda kwenye lori, na kule mbele ya meza utakuwa umeshavuka pagumu.

Hatutakuwa wawili tu. Barua hii nimemsomea Raheli kabla sijaikunja, maana ni yake pia. Alisikiliza yote, ameshika ncha za nywele zake. Nikamuuliza kama ana neno la kukuambia. Akasema hana. Akasema anataka tu kuwepo jikoni asubuhi, akusikie ukisema.

Mama yako.